Jalada la Jiko la Nje

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imeanza! Siku kumi na nne bila masijala, bila vumbi la mafaili, bila bosi. Nilipanga kulala tu. Saa mbili mke wangu akaniamsha na habari nzito: kiwanda cha nguo kimempa kazi ya kuwapikia mafundi wake arobaini chakula cha mchana, kuanzia Jumatatu ijayo. Miaka miwili ameihangaikia kazi hiyo. Sharti ni moja. Bwana afya atakuja Jumamosi kukagua jiko, na jiko letu la ndani ukiingia na sufuria kubwa, mmoja wenu hana budi kutoka.

Kwa hiyo jiko la nje. Litakaa uani, kati ya ukuta na tangi la maji. Mke wangu amekwenda kwa dada yake kuazima masufuria, atarudi Jumamosi asubuhi. Alisema nimwite kaka yake, fundi mwashi, ajenge. Nilisema sawa. Sikumaanisha. Mwaka juzi shemeji alinitengenezea geti, na mpaka leo hakai kwenye kiti bila kulitaja.

Ameniachia kikaratasi cha mahitaji. Paa, sinki lenye bomba, meza, majiko mawili, nafasi. Nimefungua jalada: JIKO/NJE/1. Nimefuta nafasi. Nafasi si kitu. Hakuna duka linaloiuza.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda uani na rula ya ofisini. Nimechora ramani nyuma ya fomu za likizo. Uzuri wa kukaa masijala miaka kumi na tisa ni huu: unajua kupanga. Kwetu rafu yenye pengo ni ushahidi wa uvivu, na bosi hulionyesha pengo kwa kidole mbele ya watu.

Vile vinne vya mke wangu viliingia, na uwanja mkubwa ukabaki. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikafumba macho, nikajiona jikoni. Niliona nini? Nilijiona nimekaa. Basi viti. Virefu, vya matofali, vinne. Halafu rafu ya redio. Halafu ndoano ya kofia yangu.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. Ni dereva mstaafu, tunamwita Honi kwa jinsi anavyokohoa. Alitaka kujua tanuri liko wapi. Nikamwambia halipo. Akasikitika kama amesikia msiba. Alisema jiko la nje lisilo na tanuri ni meza iliyonyeshewa mvua. Nimeingiza tanuri. Pia sehemu ya kuchomea nyama, kwa sababu Honi alisema anaipenda nyama.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji amekuja bila kuitwa! Mke wangu amempigia simu. Aliisoma ramani yangu, akaigeuza juu chini, akaisoma tena. Aliuliza kama najenga jiko au kituo cha basi. Kisha akajitolea kunijengea yeye mwenyewe, siku moja tu, nimpe maji ya kunywa.

Nilimjibu kwamba naweza. Akaliangalia geti. Aliliangalia juu mpaka chini, kama anayelipima. Nikamwambia siku nitakayomwita, kuku watakuwa na meno. Akacheka, akaondoka, akafunga geti taratibu sana ili nisikie lisivyolia.

Nimechanganya saruji mwenyewe. Fundi bomba ameunga sinki. Fundi bati ameweka paa. Wote wawili walitaka kusema jambo, nikawaambia wafuate ramani.

Alhamisi, 6 Juni

Mgongo umekatika. Mikono imekatika. Lakini kazi inakwenda! Meza imesimama. Tanuri limesimama, limeegemea ukuta kidogo, kama mimi. Honi amekaa kwenye kiti namba mbili tangu asubuhi akinipa ushauri. Alijaribu kukizungusha. Nikamkumbusha kuwa ni cha matofali.

Saa kumi tukio dogo. Nilimaliza kiti namba nne, nikanyoosha mgongo, nikagundua nimejijengea ndani. Mbele meza, nyuma majiko, kulia sinki, kushoto tanuri, na viti vimeziba penye upenyo. Nilitoka kwa kupanda juu ya tanuri, suruali ikachanika mahali pabaya. Honi alikohoa mpaka akatokwa machozi. Nadhani ni mambo ya kawaida ya ujenzi.

Lakini kila jambo na faida yake. Niliposhuka nikageuka, nikakiona: pale nilipokuwa nimesimama palikuwa na pengo! Kipande kitupu katikati ya jiko, kinanitolea macho. Kama bosi angekiona!

Ijumaa, 7 Juni

Nimejenga kabati la mkaa kwenye pengo. Limeenea sawasawa. Hakuna sentimita iliyopotea! Nimekaa kiti namba moja, redio kwenye rafu, kofia kwenye ndoano. Sijawahi kujisikia mwanamume wa maana namna hii. Nimefunga jalada. Kesho mke wangu atalia kwa furaha.

Jumamosi, 8 Juni

Amelia.

Walifika pamoja, yeye na masufuria yake, bwana afya na jalada lake. Mtu mpole, kalamu mbili mfukoni, nilimpenda mara moja. Akalizunguka jiko. Akaweka tiki kwenye paa. Akafungua bomba, akaweka tiki. Akapapasa meza, tiki. Majiko, tiki. Alilisifu tanuri kwa ukubwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, mpishi anasimama wapi.

Nikafungua ramani. Nikaipitia kuanzia juu mpaka chini. Kofia yangu ilikuwa na mahali. Redio ilikuwa na mahali. Honi, ambaye si wa nyumba hii, alikuwa na mahali, na wakati huo alikuwa amepakalia. Mke wangu akainama juu ya kiti namba tatu, akanyoosha mkono na mwiko, akajaribu kulifikia jiko. Mwiko ukaishia hewani. Akauliza nafasi aliyoiandika iko wapi. Nilimweleza kwamba iliondolewa kwenye orodha kwa kukosa sifa.

Hakufoka. Afadhali angefoka! Aliweka masufuria chini moja moja, akakaa juu ya lile kubwa, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Alisema miaka miwili, basi. Bwana afya akaona haya kwa niaba yangu. Akasema atapita tena Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mara ya mwisho. Kiwanda hakitasubiri zaidi ya hapo.

Nimejisikia mdogo kuliko rula yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa shemeji. Kwa miguu, ili nifike nimechelewa kidogo. Alikuwa anakunywa chai na familia yake yote. Nilimnong'oneza shida yangu. Alisema hasikii vizuri sikio lile. Nikasema kwa sauti. Alimwita mkewe aje asikie pia. Nikarudia. Mama mkwe, ambaye kweli hasikii, aliomba nianze upya.

Alikuja na nyundo. Viti vyote vinne, chini. Kabati la mkaa, chini. Tanuri lilianguka kabla nyundo haijaligusa. Mchanga ulikuwa mwingi, alisema, na akaongeza kwamba angalau geti bado limesimama. Nilizoa kifusi. Nilistahili.

Jioni mke wangu aliingia jikoni mwake. Alisimama katikati, pale palipokuwa na kabati, akanyoosha mikono yote miwili, akazunguka taratibu. Hakugusa kitu. Akacheka. Nilijifuta macho, nikasingizia vumbi la saruji.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana afya amegonga muhuri. Sahani arobaini zimekwenda kiwandani saa sita na nusu, na zimerudi tupu zote! Mke wangu amenisamehe. Alinipakulia, nikala nimesimama, maana viti havipo. Shemeji alikula amekaa kwenye kiti alichokuja nacho kutoka kwake.

Baada ya chakula mke wangu alisema mayai yatahitajika mengi, afadhali tufuge kuku wetu. Akasema safari hii nimwite kaka yake tangu mwanzo. Nilisema sawa.

Ameniandikia mahitaji ya banda. Paa, wavu, mahali pa maji, hewa.

Nimefungua jalada. BANDA/KUKU/1. Hewa nimeifuta, imejaa kila mahali, hakuna haja ya kuiandika. Penye hewa nimeweka benchi langu.