Kasimu Tarbushi na Mkate Mwembamba

Kasimu Tarbushi alishuka kwenye gari moshi la Mpanda akiwa na tarbushi jekundu kichwani na njaa tumboni. Koti alikuwa nalo pia, lakini koti lile usiliulize, maana lilikuwa na mwenyewe kule Tabora, na mwenyewe alikuwa bado analitafuta. Reli ilikuwa mpya miaka ile, mgodi unavuta watu kutoka kila upande, na mgeni hakuulizwa maswali mengi. Kwa mtu wa kazi kama ya Kasimu, mji wa namna hiyo ni neema ya Mungu.

Ng'ambo ya stesheni palikuwa na kibanda cha mabati chenye tanuri la udongo ubavuni. Mwenye kibanda alikuwa mama wa Kifipa, mjane, jina lake Verdiana. Alikuwa anaoka mkate wa ajabu: unga umesukumwa mwembamba, juu nyanya, vitunguu na dagaa wa Karema, halafu motoni, unatoka kingo zimekauka, ukiuma unalia kacha-kacha. Kazi hiyo alifundishwa na fundi mmoja Mtaliana aliyekuja kujenga reli, ambaye aliuita mkate huo pitsa. Fundi akaenda zake, pitsa ikabaki. Watu wa mji wakaona jina hilo linachosha mdomo bure, wakauita mkate mwembamba.

Lakini kilichomsimamisha Kasimu si harufu. Wanaume kadhaa walikuwa wamesimama pembeni ya barabara, mikono mifukoni, wanakitazama kibanda bila kuingia. Akatoka mteja mmoja anajichokoa meno.

"Vipi, kinalika?" wakamuuliza.

"Hm," yule mteja akajibu, akapita.

Kwa hiyo "hm" moja, nusu ya wale watu wakaondoka.

"Loo!" Kasimu akajisemea. "Huu mji watu wanakula kwa masikio!" Na mahali watu wanapokula kwa masikio, muuza maneno hawezi kulala njaa. Akaweka tarbushi sawa, akavuka barabara.

"Hodi, mama. Chakula chako kizuri sana, ila hakina msemaji."

"Umekionja?"

"Bado."

"Sasa umejuaje kizuri?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Mimi nasema, watu wanakuja. Wewe unanilisha tu."

"Nisipokulisha?"

Kasimu akatazama mabati ya juu kwa huzuni kubwa. "Mdomo wangu huu, mama, ukiwa na njaa hata mimi mwenyewe siuwezi. Sijui utasema nini."

Verdiana alikuwa amekwisha kusikia vitisho vikubwa kuliko hicho. Akafuta unga mikononi. "We mtu wa wapi?"

Kasimu ni mwana wa Ujiji, kazaliwa huko na madeni yake yako huko. Lakini pale stesheni alikuwa ameona jinsi Wanyamwezi wa mgodini wanavyopokeana, huyu anabebewa mzigo, yule anaitwa kulala. "Mnyamwezi, mama," akasema. "Wa Tabora, pale pale mjini."

"Mnyamwezi!" Verdiana akapiga makofi. "Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana tumbo limetangulia kuingia. Kaa ule, usije ukanifia mlangoni nikakosa pa kukutupa."

Hapa tuelewane. Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Wanatukanana bila kununa, wanachukuliana vitu bila kuombana, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kasimu habari hizo alizijua juu juu tu. Katika yote aliyoambiwa, yeye alisikia moja: kula bure. Akala mkate mzima, akalamba vidole, akavua tarbushi na kuinamisha kichwa.

"Asante sana, mama. Mungu akuzidishie."

Verdiana akamtazama kidogo. Kisha akarudi kusukuma unga wake.

Jioni ile Kasimu alipokelewa na mchimbaji mmoja wa mgodini, Alois, Mnyamwezi wa kweli wa baba na mama, akapewa mkeka na nusu ya blanketi. Kesho yake akaenda mtaa wa Makanyagio, kwenye hoteli ya Bwana Seleman.

Bwana Seleman alikuwa anauza mkate wa boflo. Ulikuwa mnene, mzito, na mara nyingi wa jana. Tangu mkate mwembamba uingie mjini, viti vyake vilikuwa vimeanza kukaliwa na nzi.

"Bwana Seleman," Kasimu akamwambia kwa sauti ya mtu aliyeleta tanzia, "yule mama wa stesheni atakumaliza. Nipe kazi mimi. Nikimsema vibaya siku chache tu, mteja hatakanyaga pale."

Seleman akasogeza kiti. "Si kazi kubwa. Shemeji yake Gaspar amekuja kutoka Sumbawanga, yupo pale kibandani anamngoja. Marehemu mumewe alikuwa kaka yake Gaspar. Wamekubaliana hivi: kibanda kikimlisha mpaka kiangazi kiishe, mama anabaki. Kisipomlisha, anarudi Ufipa akarithiwe, awe mke wa pili wa Gaspar. Kwa hiyo ni kusukuma kidogo tu."

Kasimu akahisi kitu kinamchoma kifuani. Akasingizia pilipili. "Na mimi napata nini?"

Nje, chini ya upenu, ilikuwapo baiskeli ya Seleman. Ilikuwa nyeusi, ina taa na kengele, na mwenyewe aliifuta kila asubuhi kabla hajaosha uso. Mji mzima uliijua. Seleman akaitazama, akameza mate ya uchungu. "Ipande uzungukie. Siku kibanda kikifungwa, ni yako kabisa."

Basi kazi ikaanza mitaani. Kasimu akapiga kengele Ilembo, akapiga kengele Misunkumilo, na kila penye watu alishuka.

"Jamani, nyie mmeula ule mkate wa Mfipa? Nimeunyanyua, nikamwona mkwe wangu upande wa pili! Ikabidi nimwamkie!"

"Nimeula asubuhi. Mchana tumbo likaniuliza, wewe, ulituma salamu tu au kuna mzigo unakuja?"

"Na wale dagaa wa juu! Wamelala mbalimbali, hakuna anayemjua mwenzake!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo ulipofanyika ule utafiti ambao Mpanda haiachi kuufanya.

"Huyu bwana nani?"

"Mnyamwezi. Anakaa kwa Alois."

"Na mwenye mkate?"

"Mfipa."

"Aaa! Watani hao! Twendeni tukasikie huyo mama atamjibuje."

Wakaenda. Na ukienda kibandani kwa mtu huwezi kusimama tu, unaona haya, unanunua. Verdiana naye hakulala. Alitoa kichwa dirishani: "Mwambieni Mnyamwezi wenu mkate wangu mwembamba kwa sababu yeye ameumaliza unga! Amekuja Mpanda kwa gari moshi, na gari moshi lenyewe likapumzika kwa uzito wa uongo wake!" Wachimbaji wakitoka kazini wakawa wanapitia hapo kabla ya kwenda kwao, wengine kwa matusi, wengine kwa mkate, na baada ya siku chache hakuna aliyejua tena kilichomleta. Gaspar, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda anangoja kibanda kife, akajikuta anapasua kuni.

Seleman alimwita Kasimu akiwa amevimba. "Wewe mtu gani? Kila ukitukana foleni inaongezeka! Mimi nimekupa baiskeli uniue?"

Kasimu hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. "Tulia, Bwana. Kama matusi yanawaita, basi sifa zitawafukuza."

Alisema hivyo kwa kujiokoa tu. Lakini mjanja naye huwa anabahatisha, na mara hii alibahatisha pabaya. Kesho yake alisimama Ilembo, akavua tarbushi, akasema kwa upole: "Ndugu zangu, ule mkate wa Mama Verdiana ni mzuri kabisa. Sina la kuongeza. Mama yule ana heshima zake."

Alois, ambaye alikuwa pale anakunywa uji, akaweka kikombe chini.

"Umemsifu Mfipa?"

"Nimemsifu."

"Kwa moyo mmoja? Bila hata kumtukana kidogo?"

"Bila."

"Basi kuna jambo," Alois akasema, akawageukia wenzake. "Mtani hasifu hivi hivi. Mtani anasifu msibani, tena anamsifu aliyekufa."

Habari ikatembea. Ilipofika Misunkumilo, Verdiana alikuwa mgonjwa mahututi. Ilipofika Makanyagio, mkate ulikuwa umeua mtu, ila familia inaficha. Jioni ile hapakuwa na mchimbaji hata mmoja dirishani. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Mikate ilikauka kwenye ubao, Verdiana akaanza kumpa mbuzi wa jirani. Kiangazi kilikuwa kinaisha, mawingu yanaanza kukusanyika upande wa ziwa. Gaspar akaacha kupasua kuni, akaanza kufunga masufuria kwa kamba.

"Shemeji," akamwambia kwa adabu, "usilie. Mke wangu mkubwa si mkali sana. Ana siku zake tu."

Verdiana alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Halafu akamuuliza mteja wa mwisho aliyebaki, yaani mwenye mbuzi, mambo haya yameanzia wapi. Akaambiwa. Akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya Makanyagio.

Alimkuta Kasimu mbele ya hoteli ya Seleman, ameegemea baiskeli, anamwaga sifa. Ilikuwa siku ya mapumziko ya mgodi na watu walikuwa wengi, Alois akiwamo. Seleman alikuwa mlangoni anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mfungo uliopita.

"Wanyamwezi nyie!" Verdiana akapaza sauti. "Nani mkubwa wenu hapa? Nimekuja kushtaki."

Alois akasogea mbele. "Sema, mtani. Kumbe u mzima! Sisi tulishaanza kugawana masufuria yako."

"Mtagawana ya mama zenu! Mtani wangu huyu amenikosea. Amenisifu mji mzima, mchana kweupe, bila tusi hata moja. Amenizika mzima. Mila inasemaje?"

Watu wakaguna. Alois akajikuna kidevu kwa uzito wa hakimu. "Kosa kubwa. Hilo ni faini."

"Jamani, mimi nilitaka tu kumsaidia mama," Kasimu akaanza.

"Unaona? Bado anasifu!" Verdiana akaenda moja kwa moja akashika usukani wa baiskeli. "Hii ya nani?"

Seleman akafungua mdomo. Halafu akawaona wale wachimbaji wote, wanaokula kwake mchana, na akili ikamwambia swali litakalofuata: kama ni yako, imekuwaje mtu wa kumsema Verdiana aipande kila siku? Akafunga mdomo. Uso wake ulikuwa wa kuhurumiwa.

"Bwana Seleman, ni yako?" Verdiana akauliza kwa sauti tamu.

"Hapana," akasema Seleman, na neno lile lilimtoka na kipande cha ini.

"Basi ni ya mtani wangu. Naichukua, faini yangu hii. Umekasirika, mtani?"

Mji mzima ukamtazama Kasimu. Angeweza kusema jambo moja tu la kuiokoa baiskeli: kwamba yeye si Mnyamwezi, utani haumhusu. Akamwangalia Alois, ambaye alikuwa amemlaza, amemlisha ugali na kumpa nusu ya blanketi kwa ajili ya ukoo. Akaiangalia mikono ya Alois, iliyozoea kupasua mawe. Kasimu akacheka. Alicheka kwa meno yote, na macho yakimtoka machozi.

"Mtani hakasiriki!" akasema.

"Ndiyo mwanaume!" Alois akampiga bega karibu alitegue. "Sasa mtukane basi, tujue mama mzima."

Kasimu akavuta pumzi, akamwaga uchungu wote wa baiskeli. Aliutukana ule mkate kipande kwa kipande, akatukana tanuri, akatukana dagaa mpaka ukoo wao ziwani. Watu walianguka kwa kicheko. Verdiana akapiga kengele ya baiskeli, akaongoza njia kwenda stesheni, na mji ukamfuata na njaa yake. Jioni Gaspar alifungua masufuria kwa sababu yalihitajika. Alipanda lori la Sumbawanga peke yake, na alichobeba ni mikate miwili ya njiani.

Kasimu naye aliona Mpanda imemtosha. Gari moshi likiwa linapiga honi, Verdiana akavuka barabara na mkate wa moto ndani ya gazeti, akampitishia dirishani.

"Chukua, mtu wa sijui wapi."

Kasimu akashtuka. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikula, ukavua tarbushi, ukaniambia asante. Mnyamwezi gani anamwambia Mfipa asante?"

"Sasa kwa nini ulinilisha?"

"Nilihitaji msemaji, na sikuwa na cha kumlipa. Matusi yako yalikuwa mazuri, Kasimu. Ungebaki hapo hapo kwenye matusi, ungekula mpaka unenepe."

Magurudumu yakaanza kusogea. Kasimu akauma kipande, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikula kwa ulimi, si kwa hesabu. Kingo zikalia kacha-kacha. Neno asante likamjia mpaka kwenye meno. Akalimeza, akatoa kichwa nje ya dirisha, akapiga kelele stesheni nzima ikasikia:

"Mkate gani huu, we mama! Upepo ukivuma utafika Ujiji kabla yangu!"

Verdiana alicheka mpaka akakaa chini. Na wale waliokuja kusindikiza wageni wao wakatazamana, wakavuka barabara, wakaenda kupanga foleni.