Mlango wa Pili wa Mkurugenzi

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Serikali ilitangaza kwamba kuanzia sasa hakuna raia atakayekufa kwa kukosa mlango. Tangazo lilisomwa redioni mara mbili, mara ya pili polepole, kwa ajili ya wale wagumu wa kuelewa. Kanuni za Ujenzi, ambazo hazikuguswa kwa miaka arobaini na moja, zilikuwa zimehuishwa. Kamati ya wataalamu kumi na sita ilikaa hotelini miezi saba, ikala, ikatafakari, ikala tena, na mwishowe ikatoka na kitabu cha kurasa mia nne na kumi na mbili. Uzito wake peke yake ulitosha kuonyesha kwamba watu walifanya kazi.

Roho ya kitabu hicho ilikuwa Kifungu cha 88. Kilisema kila chumba kinachotumiwa na binadamu kitakuwa na milango miwili, isiwe kwenye ukuta mmoja, na wala hakuna mlango utakaofungwa kwa ufunguo wakati chumba kina mtu. Ofisa wa zimamoto aliyekuwemo kwenye kamati alikuwa ameomba kitu kidogo tu, kwamba madirisha ya nondo yaweze kufunguka kwa ndani. Alishukuriwa kwa mchango wake, na hoja yake ikaboreshwa.

Hakuna aliyekipenda Kifungu cha 88 kama mkaguzi mmoja wa majengo ambaye mtaani walimwita Kifungu, kwa sababu alikuwa akinukuu vifungu hata msibani. Alikuwa mtu mwembamba, futi ya chuma kiunoni, kalamu mbili mfukoni. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kupokea hata soda ya mkandarasi, na wenzake walimhurumia sana kwa hilo. Aliamini kwa dhati kwamba siku ngazi zote za nchi zitakapokuwa na kimo kimoja, mambo mengine nayo yatanyooka.

Utekelezaji ulianza siku hiyohiyo, na kwa kishindo. Muuza vocha alitobolewa kibanda chake mgongoni, na kufikia saa nane mchana vocha zote zilikuwa zimetokea huko. Choo cha soko kilipata mlango wa pili, na watu wakajifunza kuimba kwa sauti wakiwa ndani. Kituo cha polisi ndicho kilichowapa moyo wakaguzi zaidi. Mkuu wa kituo alitii bila ubishi, akaweka mlango wa pili kwenye chumba cha mahabusu, akauacha bila kufuli kama Kanuni zinavyotaka. Kesho yake akatuma taarifa ya maandishi kwamba zoezi la kujiokoa limefanikiwa kwa asilimia mia moja na kwamba anaomba watu wa kuwatafuta.

Jumanne asubuhi Kifungu alikabidhiwa orodha ya nyumba zitakazofungwa Ijumaa saa sita mchana endapo hazitatimiza masharti. Orodha ilikuwa na nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne vya kupanga iliyo nyuma kabisa ya jengo la Kurugenzi ya Majengo, na chini ya anwani palikuwa na maelezo kwa mkono: "Eneo hili linafaa kwa maegesho ya magari ya viongozi." Kifungu aliona kwamba mambo haya mawili yameangukia karatasi moja kwa bahati tu. Aliona pia kwamba nyumba hiyo ni ya shangazi yake.

Alikwenda kwa mguu, ingawa hapakuwa na umbali wa kwenda. Shangazi alikuwa uani, miwani puani, anashona kifungo cha shati la mpangaji. Alimlea Kifungu tangu akiwa na miaka sita, akamlaza chumba namba nne, akamsomesha kwa kodi ya vile vitatu vingine. Kifungu akamwamkia, akakaa, akafungua kitabu. Alisoma Kifungu cha 88 chote, na viambatisho vyake, bila kuinua macho, kwa sababu alikuwa anaona aibu.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

"Nimemaliza, Shangazi."

"Sasa niambie wewe, siyo kitabu. Ijumaa wananitoa?"

"Kama hakuna milango, wanakutoa."

Shangazi akakata uzi kwa meno. Akasema milango si kitu cha kumtoa mtu kwake, akamtuma mpangaji mmoja kumwita fundi. Kufikia jioni kuta za kati zilikuwa zimetobolewa: namba moja ikaingiliana na namba mbili, namba tatu na namba nne. Mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye hulala mchana, akajikuta amepata njia ya kupitia watu. Mwalimu wa namba mbili alilalamika kwamba mke wa mlinzi anasahihisha madaftari yake na anatoa alama za juu mno. Lakini milango ilikuwa miwili kwa kila chumba, na Kifungu alilala usingizi mzuri.

Jumatano Kurugenzi ikatoa waraka wa ufafanuzi. Ulikuwa na sentensi moja. Mlango wa pili hautatokea kwenye chumba cha kulala cha mtu mwingine, kwa kulinda maadili.

Shangazi akavaa viatu vya kutokea, akaenda kumwona Mkurugenzi. Kumwona Mkurugenzi si jambo la kukurupuka. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa ukumbi, na mbele ya mlango wake palikuwa na benchi refu ambalo watu walikalia wakisubiri vibali, wengine tangu wakiwa na nywele nyeusi. Katibu muhtasi, mama mpole mwenye sauti ya dawa ya kikohozi, alimweleza Shangazi kwamba Mkurugenzi yuko kwenye kikao. Saa saba alikuwa kwenye kikao kingine. Saa tisa ikabainika kwamba yuko nje ya nchi tangu Jumanne, anatoa mada kuhusu serikali iliyo wazi kwa wananchi, na atarudi Ijumaa.

Jioni hiyo Shangazi alirudi nyumbani. Alikaa uani, mikono mapajani, anaitazama nyumba kama mtu anayeaga. Kifungu hakuwahi kumwona akiwa hana kazi mkononi, na moyo wake uliuma kuliko alivyotegemea. Akapekua Kanuni zote, kurasa mia nne na kumi na mbili, akitafuta huruma. Hazikuwa nayo. Alichobaki nacho ni futi.

Alhamisi asubuhi akaipima nyumba upya. Mbele ni ua, na mlango wa kwanza uko hapo. Ubavu wa kulia umebanwa na ghala la mbao, ubavu wa kushoto umebanwa na choo, na choo chenyewe kilikuwa bado kinatafuta mlango wake wa pili. Ukabaki ukuta wa nyuma, ambao ng'ambo yake ni Kurugenzi. Akapima unene wa ukuta kwa upande wa Shangazi. Akazunguka barabarani, akaingia kazini kwake, akapima kwa upande wa Kurugenzi. Akajumlisha, akatoa, akajumlisha tena. Hesabu ilikataa kuwa na kuta mbili. Ulikuwa ukuta mmoja, tofali moja, na plasta ya Shangazi ilikuwa ya zamani kuliko Kurugenzi.

Mkandarasi aliyejenga jengo linalosimamia ujenzi wa nchi nzima alikuwa amebana matumizi. Alijenga kuta tatu, ya nne akaegemea kwa Shangazi.

Kifungu alikaa chini kwenye sakafu ya masijala, futi mkononi. Kisha akaona jambo lingine, ambalo wote kazini walikuwa wamelipita kila siku kama nguzo ya umeme: ofisi zote za upande ule zilikuwa na mlango mmojammoja. Kurugenzi nayo ilitakiwa kutimiza masharti Ijumaa saa sita mchana. Mwandishi wa Kanuni alikuwa ameandika wazi kwamba hakuna taasisi itakayosamehewa, ili apigiwe makofi, na alipigiwa.

Akachora mpango. Matundu ya kuta za kati yatazibwa. Chumba namba moja kikipata mlango wa nyuma, kitatokea masijala. Namba mbili itatokea chumba cha mashine ya kurudufu. Namba tatu itatokea stoo ya chini ya ngazi. Namba nne, alikolelewa yeye, itatokea ofisini kwa Mkurugenzi. Milango minne, vyumba vinane, pande zote mbili zimetimiza. Akauita Mpango Jumuishi wa Utimilifu wa Pande Mbili, akaupeleka kwa Kaimu Mkurugenzi.

Kaimu alikuwa na hofu kubwa ya kukutwa Ijumaa na jengo lisilo na cheti. Alisoma jina la mpango, akaona neno "jumuishi," akasaini. Kifungu, kwa kuwa ni mtu mkweli, alijaribu kumweleza ukuta ni wa nani. Kaimu alimwambia asimchoshe na mambo ya kitaalamu.

Shangazi alipoonyeshwa mchoro aliuliza swali moja tu.

"Si walisema mlango usitokee pale watu wanapolala?"

"Hizi ni ofisi, Shangazi."

"Nimekaa karibu na masijala Jumatano nzima. Nimeona."

Kifungu akamhakikishia kwamba kisheria masijala hawalali. Fundi akapiga nyundo mchana kutwa, vumbi likawaamsha watu wa masijala, na kabla jua halijazama fremu nne zilikuwa zimesimama, zina bawaba mpya na hazina kitasa cha kufunga. Ijumaa saa mbili asubuhi Kaimu alisaini vyeti vinane, vinne vya Shangazi na vinne vya Kurugenzi, kisha akajisikia vibaya ghafla, akaenda hospitali.

Kwenye benchi la ukumbini walikuwepo watu kumi na wanne. Jioni ya Alhamisi walimwona fundi akitoka na kilo za vumbi begani, wakamuuliza katoboa wapi, naye akawaambia. Hawakufanya fujo yoyote. Walilinyanyua benchi, wakalizungusha hadi uani kwa Shangazi, wakamwomba ruhusa ya kukaa. Shangazi akawaambia wakaribie, wasikanyage nguo zilizoanikwa.

Mkurugenzi alifika saa tano na nusu, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, amekuja kufunga nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Aliingia ofisini kwake kuweka begi. Mbele yake, pale palipokuwa na ramani ya nchi, palikuwa na mlango ulio wazi, na mlangoni palikuwa na mzee mwenye faili, aliyesema shikamoo ni kwa wakubwa lakini leo atamsalimia yeye.

Kifungu aliitwa. Mkurugenzi, bila kukaa, aliamuru ukuta uzibwe kabla ya saa sita. Kifungu akafungua kitabu, akasema kwa unyenyekevu kwamba kuziba mlango wa dharura ni kosa la Kifungu cha 90, isipokuwa mwenye ukuta aridhie kwa fomu, akaitoa fomu yenyewe.

"Mwenye ukuta ni mimi."

"Ni Shangazi, Mheshimiwa. Sisi tumeegemea."

"Basi bomoa nyumba yake."

"Ina cheti. Halafu ukiibomoa, ofisi yako inabaki na kuta tatu. Kwa Kifungu cha 12, chumba cha kuta tatu kinahesabiwa kibanda, na mtumishi wa ngazi yako hakai kibandani."

"Kijana, hizo Kanuni nimeziandika mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakukumbusha tu."

Mkurugenzi alitazama mlango wa kwanza, akatazama wa pili. Hakuna uliokuwa na kufuli. Alinyang'anya fomu mikononi mwa Kifungu, akapita mlango wa pili, akapita chumba namba nne katikati ya kitanda na ndoo, akatokea uani juani.

Shangazi alipokea fomu kwa mikono miwili. Akasafisha miwani kwa pindo la kanga, akasoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, na kila mtu uani alinyamaza, kwa sababu fomu ya Serikali haisomwi kwa kelele. Akageuza ukurasa.

"Hapa wanasema mwombaji atambulishwe na watu wawili wanaomjua kwa sura. Nani anakujua, baba?"

Mkurugenzi alicheka kidogo, akanyoosha mkono kuelekea benchi. Watu kumi na wanne walimtazama kwa makini, maana walitaka kusaidia.

"Nimekaa nje ya mlango wako miaka mitatu," mzee mwenye faili alisema. "Nisikudanganye, mwanangu. Ndiyo kwanza nakuona."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Katibu muhtasi akajitokeza mlangoni, akanyoosha kidole, akasema anamjua. Huyo akawa mmoja. Ikatajwa kwamba dereva naye anamjua, lakini dereva alikuwa anazunguka mitaa ya jirani akitafuta pa kuegesha. Kaimu yuko hospitali.

Mkurugenzi akamgeukia Kifungu. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. "Wewe upo kwangu miaka kumi na moja. Waambie."

Kifungu alimwonea huruma, kweli kabisa, na akatamani angeweza. Lakini alikuwa hajawahi kuweka sahihi kwenye jambo asilolipima.

"Kila siku nilikuona ukiingia kwenye gari, Mheshimiwa," alisema. "Kisogo nakijua vizuri. Fomu inataka sura."

Shangazi akakunja fomu, akaiweka pajani, akarudia kifungo chake. Akamwambia Mkurugenzi asisimame juani, akae hapo na wenzake mpaka dereva apate maegesho. Watu wakasogeleana kwenye benchi, wakampa nafasi, na wa mwisho akamfahamisha kwamba yeye ni wa kumi na tano.