Vidole Vitano Chini ya Shali

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Naomba nafasi chuo cha biashara mwaka huu. Si mwakani. Mwaka huu!

Sababu ni hii. Hooyo, mama yangu Sado, Mungu amrehemu, aliuza maziwa ya ngamia na akina mama wenzake hapa Garissa kwa miaka ishirini na mmoja. Sasa kikundi chao kimepata tangi la kupozea na kinataka meneja. Mwenyekiti, Habaryar Rahmo, mama mdogo kwetu sote, amesema kazi ni ya mtu wa nyumba ya Sado, yeyote atakayetangulia kusomea biashara. Watu wa nyumba ya Sado tumebaki wawili: mimi na Ikran, binti wa abti, mjomba wangu, ambaye Hooyo alimlea.

Tatizo moja dogo. Hesabu. Kidato cha nne nilipata D, na mwalimu alisema hata hiyo ni ya huruma. Hooyo hakujua kusoma. Aliikunja ile karatasi, akaihifadhi ndani ya jalada la Msahafu wake, akasema herufi yenyewe ina tumbo la mtu aliyeshiba.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita dukani kwa Ikran kupeleleza. Hakuficha kitu. Haombi mwaka huu. Atasoma hesabu kwanza mwaka mzima, darasa la jioni la watu wazima, aanze na sehemu na asilimia, ndipo aombe mwakani.

Nikamuuliza haoni aibu kukaa na watu wanaojifunza kugawanya. Akasema aibu ni kukaa chuoni huelewi neno, unatikisa kichwa kama mbuzi anayesikiliza redio. "Kwani wewe, Abdilatif, umewahi kugawanya kitu kikabaki salama?"

Nikaondoka haraka. Ni mpinzani wangu, lakini lazima niandike ukweli: ana utulivu wa Hooyo. Hata akifunga dumu, anakipiga kifuniko mara mbili kwa kiganja, vilevile.

Chuo kimebandika tangazo. Jumamosi kuna jaribio la hesabu, maswali thelathini, wazi kwa yeyote anayesitasita. Ukipata kumi na tano, omba sasa. Chini ya hapo, kajifunze, uombe mwakani. Kila swali lina majibu matano ya kuchagua.

Matano! Mkono una vidole vingapi?

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya soko la mifugo. Nimekwenda kumtafuta Bare, dalali, rafiki yangu tangu darasa la pili. Nikasimama kumtazama akifanya kazi. Ameshikana mkono na mnunuzi, shali imefunika mikono, bei inasemwa kwa kubana vidole tu. Watu wamewazunguka na hakuna anayejua kitu. Uso wa Bare kama ukuta. Ng'ombe kumi na saba waliuzwa kabla sijamaliza kuwahesabu. Fundi!

Nikamweleza mpango. Tujiandikishe wote, tukae benchi moja, shali magotini. Jibu la pili, vidole viwili. Jibu la nne, vinne. Bare akaniita mjinga. Akaniita mjinga tena. Kisha akauliza jaribio ni saa ngapi.

Amesema ni kwa ajili ya Hooyo tu. Utotoni, akipita kwetu kwenda shule, Hooyo alimpa kikombe cha maziwa, povu likiwa juu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechagua shali. Ni ya Hooyo, ya buluu, bado inanukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Kwenye pembe moja kuna fundo. Hooyo hakujua kalamu, aliandika kwa mafundo. Hili la mwisho hakulifungua. Miezi minane sasa tangu atutoke. Sijui lilikuwa la nini. Sijaligusa.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulianza saa tatu. Msimamizi ni Mwalimu Kadar, mtu mrefu wa Ijara, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama mbele ya benchi letu, akaitazama shali, akakohoa, akapita. Alhamdulillahi!

Bare anabana, mimi naandika. Mambo yanakwenda. Ila kila akibana ananitazama kama anayengoja kitu. Nikamkonyeza aendelee. Swali la tisa alinibana hadi machozi yakanitoka.

Saa sita, matokeo. Bare ishirini na nane. Ikran, aliyekuja kujipima tu, kumi na moja. Mimi mawili.

Mawili!

Nikamvuta Bare nje. Akanigeuzia macho, akasema mimi ndiye niliyemwangusha. Kila swali alinipa kidole kimoja pungufu, akangoja nimbane ili apande. Penye jibu la kwanza alinipa ngumi, nami nikadhani amepumzika. "Nilikuwa naanzia chini! Dalali gani anatoa bei ya mwisho kwa mkono wa kwanza? Umekubali kila kitu kama mtalii!" Wallahi, alikuwa na uchungu kuliko mimi. Yale mawili niliyopata ni pale alipokuwa akijikuna, nami nikaandika.

Kumbe Mwalimu Kadar yuko nyuma yetu. Kakulia zizini, alijua tangu swali la kwanza. Hakutuzuia, akasema, kwa kuwa jaribio ni la kutusaidia sisi, na tulichoiba ni chetu wenyewe. Kisha akanishika bega kwa upole. "Waryaa, kijana, ungebana mara moja tu." Darasa la jioni ni Jumatatu, nije.

Ikran alikuwa bado ndani, ananakili kwenye daftari maswali yote kumi na tisa aliyokosa. Yote! Bila kununa. Namvulia kofia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kwa Habaryar Rahmo kukiri kwamba mwaka huu siombi. Nilitegemea kurushiwa ndala. Yeye akaishika shali begani mwangu, akalitafuta lile fundo kwa vidole.

Akasema kila fundo lilikuwa la mteja aliyeondoka na dumu la kikundi. Likirudi, Hooyo alifungua. Lisiporudi, alisubiri. Hili la nani, Mungu anajua. Lakini kuna dumu alilolisubiri miaka mitatu, na likarudi, limeoshwa.

Basi tangi wataliendesha wenyewe mpaka mmoja wetu awe tayari, akasema. Mwaka mmoja ni nini? Wala tusikimbizane.

Nimelia kidogo. Nimejifuta kwa pembe nyingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Darasa la jioni. Ikran alinisogezea kiti, akanipa kalamu ya akiba, hakucheka hata kidogo. Alicheka kidogo. Mwalimu Kadar alianza na sehemu. Nimeelewa robo.

Njiani nimeyatafakari makosa yangu kwa unyenyekevu, na nimegundua kosa ni moja tu: hatukupatana mapema. Nikapita nyumbani kwa Bare. Nikamwambia jaribio la mwakani atoe bei ya mwisho moja kwa moja, shali ni ileile, fundo litatuletea baraka.

Amekataa katakata. Ameapa. Amenifungia mlango.

Nimerudi nikipiga mluzi. Hiyo ni bei yake ya kwanza.