Sikuitwa Nilipoondoka Dirishani

Mama Tarsis, Mablanketi ya Jumla na Rejareja,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja,
Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Mkindu Mrefu.

Ndugu Meneja,

YAH: NDEGE YENU KURUKA WAKATI BEI HAIJAFIKA MWISHO

Pokea salamu zangu, za mume wangu, na za Mtaa wa Sikukuu wote, maana habari hii mtaa wote unayo.

Mimi ni Euphrasia. Shule niliishia darasa la saba, lakini barua naandika mwenyewe na mabango ya dukani naandika mwenyewe, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kuuliza maana yake. Tarsis ni mwanangu wa kwanza. Amepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa meli Uturuki, na ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu, kuanzia Kibosho mpaka Kariakoo, kupewa tiketi ya ndege kwa akili zake na si kwa hela ya baba yake. Baba yake atanisamehe. Usajili chuoni unafungwa Jumamosi hii. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mengine yote ni maelezo.

Jumapili tulimleta kwenu, maana tiketi ya ufadhili imeandikwa uwanja wenu, si wa Dar. Ndege ikaondoka, Tarsis akabaki. Naomba niyapange makosa yenu kwa namba, msije mkasema Mama Tarsis amepayuka.

1. Neno Kimataifa. Dukani kwangu wanaingia Wakongo, Wazambia, Wakomoro na Wamalawi, wote siku moja, wala sijaandika kimataifa mlangoni. Ninyi mna ndege mbili kwa wiki, feni moja, na mbuzi anayekula majani pembeni ya njia ya kurukia, mkaandika KIMATAIFA kwa herufi kubwa kuliko jengo lenyewe. Sina neno na mbuzi. Pale kwenu ni yeye peke yake ambaye hakunidai ada.

2. Ada ya wasindikizaji. Kwetu mtoto haondoki kimyakimya kama mwizi. Anasindikizwa. Tulikodi Coaster ikajaa. Mlinzi wa geti akatuhesabu kwa kidole kama magunia ya bandarini, akasema kila msindikizaji ana ada yake. Nikamuuliza, "Na bibi yake huyu, Mama Josepha, ambaye macho yameisha, naye alipie kuona ndege?" Akanijibu, "Mama, ada ni ya kuingia, siyo ya kuona." Jibu lina akili, nakiri, ila akili hiyo ingefaa kazi nyingine. Tulilipa wote. Risiti imeandikwa Huduma. Huduma yenyewe ilikuwa benchi, na benchi lenyewe mguu mmoja mgonjwa.

3. Nailoni. Kijana wenu alilikamata begi la Tarsis akalizungushia nailoni kabla hatujasema ndiyo wala hapana, halafu akadai ada ya usalama wa begi. Usalama dhidi ya nani? Mle ndani mlikuwamo ninyi tu.

4. Hali ya hewa. Afisa wa pasipoti aligeuza kurasa zote, na pasipoti ni mpya, kurasa zote tupu, akawa kama anatafuta noti iliyosahauliwa humo. Kisha akamwambia mwanangu, "Mhandisi, jua kali leo." Tarsis, ambaye nimemlea vizuri kupita kiasi, akamjibu, "Kweli kabisa afande, pole na kazi." Afande akarudia kwamba jua ni kali. Tarsis akamshauri anywe maji mengi. Ikabidi mimi nitoe hela ya soda. Machinga wa Msimbazi anasimama kwenye jua hilohilo kutwa nzima, na akitaka hela yako anakuambia ununue soksi. Afisa mzima, na sare yake imepigwa pasi, anaomba kwa kulisingizia jua!

5. Sasa nafika penyewe. Begi la Tarsis lilizidi uzito. Sikatai. Nilimwekea mablanketi, kwa sababu Uturuki kuna baridi na mimi nauza mablanketi. Ningekuwa mama wa namna gani? Kijana wa dirisha la mizigo, ambaye kibao cha kifuani kilisomeka Mwinyimvua, akanitajia ada. Nikacheka kidogo, kama inavyotakiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni ya kuanzia. Haya, maliza." Akasema ni hiyohiyo. Nikamtajia nusu. Akasema, "Mama, hapa hatupatani bei."

Hata hapo sikushtuka. Kila muuzaji Kariakoo anaanza kwa kusema hivyo. Nikavaa uso wa mtu asiyehitaji kitu, nikachukua pasipoti, tiketi na mwanangu, nikasema, "Haya baba, asante, ngoja tuangalie kwingine." Tukaondoka.

Ndugu Meneja, mteja akiondoka huwa haendi. Anatembea polepole, anashikashika vitu asivyovitaka, na mwenye duka anamwacha mpaka anakaribia mlango, kisha anaita, "Mama, njoo basi tuongee!" Hapo ndipo bei ya kweli inapozaliwa. Ndivyo nilivyonunua kiwanja. Na kusema kweli ndivyo nilivyoolewa, maana mahari ilipotajwa baba yangu alinyanyuka akatoka hadi kwenye migomba, wakamwita. Nami nikatembea mwendo huohuo. Tarsis akawa ananivuta mkono, "Mama, hapa siyo dukani, wanafunga!" Nikamwambia, "Nyamaza, usimwonyeshe kwamba tunataka." Nikafika mlangoni. Nikafika kwenye Coaster, nikakaa, nikafungua kioo ili sauti ipite. Mwinyimvua hakunijia, hakunipungia hata mkono. Sauti iliyopita ilikuwa ya ndege.

Nauliza kwa heshima: huyo kijana kwao hakuna duka? Hana mama? Nani amempa dirisha mtu asiyejua kumrudisha mteja?

6. Niliporudi mbio, khanga mkononi, nikaambiwa tukitaka ndege ya Alhamisi kuna ada ya kukosa ndege. Kwangu mtu akikosa blanketi simdai hela ya kukosa blanketi. Ninyi mnauza hata kile ambacho mteja hakukipata.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, ndege ile irudi. Nimeambiwa haiwezekani, lakini lori kutoka bandarini limewahi kunirudia kwa ajili ya robota moja lililosahaulika, na dereva hakuwa hata na sare. Ikishindikana kabisa, Tarsis apande Alhamisi bila ada ya kukosa, na akae kiti cha dirishani, kwa sababu ni mhandisi na lazima aangalie. Pili, Mwinyimvua aletwe dukani kwangu wiki mbili ajifunze kuita. Chapati na supu nitampa mimi. Nimemwona, ni mwembamba.

Mkikataa, nitawaleta wafanyabiashara wa mtaa mzima, Shamsa wa vitenge akiwa mbele, kila mmoja na tiketi yake na begi lililozidi. Wote tutataja nusu, na wote tutaondoka dirishani kwa pamoja. Tuone ndege itaruka na nani. Labda na yule mbuzi.

Barua hii anakuletea dereva wa Coaster mkononi, kwa sababu ya posta ingefika Tarsis akiwa babu. Wasalimie nyumbani kwako. Msalimie mlinzi wa geti, na afande mwambie huku Dar mvua imenyesha. Mbarikiwe katika kazi zenu, ingawa sijui ni zipi.

Ni mimi, mteja wenu ambaye kwa hesabu za Kariakoo bado yuko mlangoni,

Euphrasia, mama wa mhandisi Tarsis.

N.B. Nimempa Tarsis aikague barua kabla sijaifunga. Amefika namba tano akaniangalia. Anasema Mwinyimvua aliniita. Eti spika ya uwanja ilisema, "Abiria Tarsis na mama yake warudi dirishani," mara tatu, na ile ya tatu ikaongeza, "Mama, tafadhali, njoo tuongee." Nilimjibu kwamba spika siyo mtu. Akaendelea kuniangalia. Ndugu Meneja, nilisikia zote. Lakini mtu akigeuka mwito wa kwanza anaonekana ana shida, na kwenye wa pili bei ndiyo kwanza inaanza kushuka. Wa tatu nilisema moyoni, huyu ameshalainika, akiita wa nne mablanketi yanapita bure. Wa nne haukuja. Ada zote mbili, ya mizigo na ya kukosa, nimempa Tarsis kamili kama mlivyoandika, anazo mfukoni. Alhamisi tunakuja mapema. Mwambie Mwinyimvua aite mara moja tu. Nitageuka.