Mpaka Ulionikwepa

Jumapili, 8 Juni 2025

Mama mkwe anakuja! Lydia, mke wangu, amenitangazia tukitoka kanisani. Anatua Heathrow Jumapili ijayo, na hajawahi kupanda ndege maishani. Collins, shemeji yangu, akadakia papo hapo: yeye ndiye atakayempokea, maana ni mamake na gari analo. Gari! Kile kidude chake cha milango miwili. Nikamwambia asijisumbue, mkwe wangu nitampokea mwenyewe kwa gari langu. Lydia akauliza gari gani. Swali zuri. Sina gari.

Lakini wazo ninalo. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima. Kwa hiyo nahitaji gari la viti saba. Mimi mbele kabisa, yeye nyuma kabisa, ukoo mzima katikati. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu hajawahi kusema neno juu yangu, liwe jema au baya. Najua lililo bora kati ya hayo mawili. Nalitaka moja tu, na nalitaka wiki ijayo.

Jumanne, 10 Juni

Limepatikana! Mzee Donal wa ghorofa ya chini, Mwairishi aliyekuja mtaa wetu wa Kilburn ujanani kuchimba barabara, ana dada mjane huko Cavan, Ireland. Bi Bernadette. Anauza gari. Tumeonana kwa simu ya video. Nikamuuliza lina viti saba? Saba. Nikarudia: saba kweli? Saba. Nimelipa.

Lydia ameuliza kwa nini nisinunue hapa London, ambako magari yamejaa hadi kwenye vibaraza vya watu. Hajui biashara. Kwanza, gari la mjane mcha Mungu haliwezi kuwa na kasoro. Pili, nikitoka Cavan kwenda kupanda meli Belfast, nitavuka mpaka kati ya Ireland na ile Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Na mipaka ndiyo shule yangu! Nilikuwa ajenti wa forodha Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nimevusha saruji, nimevusha ng'ombe, nimevusha lori la wanasarakasi pamoja na tumbili wao. Mzee Donal anasema mpaka ule hauna mtu, na mambo ya ushuru hujazwa nyumbani kwenye mtandao. Mpaka usio na mtu! Maskini, amekaa London mno.

Maandalizi: Faili la kijani, kila karatasi nakala tatu. Suti ya harusi, kwa sababu Malaba mtu wa suti haulizwi maswali mengi. Pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho kwa afisa wa zamu. Si hongo. Ni ukarimu.

Lydia ameamuru Collins anisindikize, eti nilipokwenda Luton nilitokea Oxford. Collins ni dereva wa basi la hapa mjini na anadhani barabara zote ni za babake.

Alhamisi, 12 Juni. Cavan

Tumefika. Bi Bernadette ametupokea vizuri, mbwa wake vizuri zaidi. Gari ni la buluu, kubwa, zuri. Linanuka kondoo. Nikafungua mlango wa nyuma. Viti vya nyuma havipo!

Nikahesabu tena. Vitano. Nikamuuliza Bi Bernadette kwa upole: mama, viti saba viko wapi? Akajibu kwamba vipo saba kama alivyosema, ila viwili viko bandani, alivitoa ili apakie wana-kondoo. Tukaenda bandani. Kiti cha kwanza: vumbi, buibui, lakini kizima. Kiti cha pili: kuku. Anaatamia. Nikapendekeza tumsogeze kidogo. Bi Bernadette akanitazama kana kwamba nimependekeza tumsogeze padri. Bado wiki nzima vifaranga watoke, akasema, na kiti kitafuata baadaye. Collins alicheka hadi akashikilia lango.

Haidhuru. Viti sita. Mama mkwe ni mmoja, na kiti cha nyuma ni kimoja. Nimekisugua kwa sabuni mpaka mikono imekunjamana.

Jioni tukanywa chai. Mwairishi anajua chai! Nzito, maziwa ya kutosha, na kikombe hakiruhusiwi kukauka. Hapo Collins, kwa kujipendekeza, akatoa pakiti zangu za Kericho mfukoni mwa koti langu na kumzawadia mwenye nyumba. Chai ya afisa wangu! Bi Bernadette akainusa huku amefumba macho. Sikuwa na la kufanya. Kesho nitamkabili afisa mikono mitupu, na mwenye makosa ni shemeji.

Ijumaa, 13 Juni. Kwenye meli

Leo nimeaibishwa na nchi mbili.

Tuliondoka asubuhi. Mimi kwenye usukani, suti, tai nyekundu, faili mapajani. Collins kalala, amechoshwa na kumcheka kuku usiku kucha. Nikaendesha kwa nidhamu. Kibao kikisema sitini, sindano yangu ya mwendo iko sitini. Hata hivyo trekta lilinipita. Kisha ajuza mmoja, naye akanipungia mkono. Watu wa huku hawaheshimu sheria.

Nikatazama mbele nione kizuizi, bendera, foleni ya malori. Hakuna. Ng'ombe tu. Nilipofika mji mdogo wa Clones nikaingia kituo cha mafuta na kumuuliza binti wa kaunta mpaka uko wapi. Akaniuliza mpaka upi, maana kama nimetoka Cavan kwa barabara ile nimeshavuka mara nne. Nne! Barabara inaingia upande wa pili, inatoka, inaingia, inatoka, na sasa nimerudi upande ule ule nilioanzia. Malaba mara nne ni siku nne na kilo mbili za mwili. Nikamfungulia faili, nikamuuliza nani atanigongea muhuri. Alifikiri sana, yule binti, kwa huruma. Kisha akanitolea kadi ya kahawa, ile ambayo ukinywa kumi, ya kumi na moja ni bure, akanigongea muhuri mmoja. Nimeihifadhi kwenye faili. Ni hati.

Mbele kidogo Collins akaamka na kusema tumevuka tena. Amejuaje? Mstari wa pembeni mwa barabara umegeuka kutoka manjano kuwa mweupe. Basi! Huo ndio mpaka! Rangi! Nikaegesha mahali salama, nikashuka, nikasimama na suti yangu, mguu mmoja kila upande. Kondoo wakanitazama. Nikakumbuka Malaba, akina mama wakiuza ndizi madirishani, madereva wakilala chini ya malori yao, mimi nikiitwa kwa jina kutoka pande zote mbili za lango. Huko nilikuwa mtu. Moyo uliniuma, sitaficha.

Bi Bernadette akapiga simu kujua tumefika wapi. Nikamlalamikia kwamba mpaka wake hauna hata kibanda. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana palikuwa na askari wenye bunduki pale pale, na siku ya harusi yake gari la bwana harusi lilisimamishwa kwenye mvua hadi keki ikaloa. Akaniomba nimshukuru Mungu kwa barabara tupu. Nikaona haya. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikanyoosha tai, maana huwezi kujua, pengine afisa alikuwa amekwenda msalani.

Jumamosi, 14 Juni. Kilburn

Meli imetushusha salama, isipokuwa Collins, ambaye amelala kiti cha katikati akiwa rangi ya mchicha. Barabara kuu kuelekea kusini: sabini. Nikaenda sabini. Malori yakanipigia honi, moja baada ya jingine. Nikadhani wananipongeza kwa gari. Nikawapungia.

Baada ya mwendo mrefu Collins akainua kichwa, akachungulia sindano, akauliza tangu lini gari la Ireland likapima maili. Ukweli ni kwamba vibao vya Uingereza ni maili na sindano yangu ni kilomita. Nilikuwa natambaa. Nikamwambia najua, naizoesha injini. Akaomba usukani. Nikakataa. Tumefika jioni sana. Lydia amezunguka gari, amelinusa, amesema neno moja: kondoo. Lakini alitabasamu.

Jumapili, 15 Juni

Siku yenyewe!

Heathrow. Mama mkwe alitokea na kitenge chake, leso mabegani, na mizigo ya unga wa wimbi na karanga ya kulisha parokia. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo na kuinamisha kichwa, kama ipasavyo. Lydia akampeleka kwenye gari, akamwonyesha kiti cha nyuma nilichokisugua Cavan. Mama akakitazama. Akauliza kama hapo ndipo mbwa anapokaa. Kisha akasema tumbo lake bado liko angani, nyuma atatapika, ataketi mbele au atatembea kwa miguu hadi Kilburn.

Mbele! Kando yangu! Wote wakanitazama. Nikatazama viatu. Collins, kwa sauti ya asali, akasema hakuna shida, ataendesha yeye, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ufunguo ule nimeufuata ng'ambo ya bahari! Lakini heshima ni heshima. Nikaanza kuutoa.

Hapo mama mkwe akavua leso mabegani. Akajifunika kichwa, akaivuta upande wa kiti changu mpaka shavu lote likapotea, akaingia mbele, akaketi. Akamwamuru Collins amfunge mkanda kisha aende nyuma. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mwenye gari ndiye aendeshe.

Nikaendesha. Kwa woga macho yakarudi kwenye sindano. Kibao arobaini, sindano arobaini. Kibao ishirini, sindano ishirini. London nzima ilitupita. Harrow Road tulipitwa na baba anayesukuma kigari cha mtoto. Binti yetu Nekesa akauliza, kwa Kiingereza chake, kama anaruhusiwa kushuka atusubiri nyumbani. Collins alikuwa akiguna nyuma peke yake, kwenye kiti cha mbwa. Upande wa leso, kimya. Nikajua nimeharibu.

Tulipofika, mama mkwe akashuka, akanipa mgongo kwa adabu, akamwambia Lydia kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya juu. Alisema Collins aliwahi kumpeleka Kitale kama mtu aliyeiba gari, lakini huyu mkwe wake anaendesha kama mtu anayejua amembeba mama wa watu.

Neno jema! Limesemwa! Nimesingizia kufunga gari, nikabaki ndani nikalia kidogo. Linanuka kondoo na wimbi. Nalipenda mno.

Jumanne, 17 Juni

Lydia amejaza habari za ushuru kwenye simu wakati chai ikichemka. Bila suti. Bila nakala hata moja.

Nekesa amegundua kitufe cha kugeuza sindano isome maili. Amekibonyeza. Nimesubiri aingie ndani, nikakibonyeza tena. Mama mkwe ameshanisifu kwa kilomita, maili nitazifanyia nini?

Bi Bernadette amepiga simu: vifaranga watatoka Alhamisi, kisha atanitumia kiti kwa posta. Nimemwambia asithubutu. Nitakifuata mwenyewe. Mzee Donal amenidokeza pia kuhusu binamu yake anayeuza tela, na mama mkwe atahitaji la mizigo akirudi. Suti iko kwa dobi. Chai ya Kericho nimenunua pakiti nne, mbili za Bi Bernadette na mbili za afisa, na safari hii zitasafiri kifuani mwangu. Haiwezekani mpaka mzima ukose afisa kila siku.

Faili nimelipanga upya. Muhuri mmoja ninao. Imebaki tisa.