Jina Langu Kwenye Kila Mstari

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa ofisi ametangaza kuwa Ijumaa kikundi chetu kitapata kiongozi. Kikundi chenyewe watu wawili! Mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mwenyewe. Sijui nilikuwa nawaza nini. Tunatengeneza programu ya foleni ya wagonjwa kwa zahanati moja. Ili kumchagua, Mkuu atatazama kumbukumbu za kompyuta, zile zinazoonyesha kila mstari wa programu umeguswa mara ya mwisho na nani. Nimehesabu. Ya shemeji: elfu sita. Yangu: mia nne. Mama mkwe ameshaambiwa kuwa cheo ni changu. Aliambiwa na nani? Na mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nimesogeza kila mstari nafasi mbili kulia. Kwenye kila faili. Programu inafanya kazi vilevile, ila kumbukumbu sasa zinasema yote ni jasho langu. Akili ni nywele, na zangu leo zimechanwa. Imebaki kuunganisha nakala yangu na ya shemeji tu. Kazi ya dakika mbili.

Jumatano, 6 Machi

Dakika mbili! Kumbe shemeji naye amekuwa akirekebisha mistari ileile, na kompyuta inakataa kuamua. Imenipa migongano elfu moja mia tisa na kitu. Kwa kila mmoja inauliza: tuchukue mstari wako au wake? Kila nikibonyeza, skrini inaganda, feni inavuma, nasubiri. Hadi saa sita mchana nimemaliza arobaini. Nikamlalamikia Mkuu kuwa kompyuta ni mbovu. Fundi wa mitambo akaja, akaitazama, akasema kompyuta ni nzima, anayeumwa ni aliyekaa mbele yake.

Shemeji akauliza kwa upole kama anisaidie. Eti yeye kila asubuhi huchukua kwanza kazi yangu mpya kabla hajagusa kitu, ndiyo maana hana migongano. Nikamwambia ashike lake. Akarudi kwenye kompyuta yake. Nimejisikia vibaya mchana kutwa, maana yeye ndiye aliyenifundisha programu hii, na hajawahi kumwambia dada yake.

Alhamisi, 7 Machi

Macho yanawaka. Migongano elfu moja mia saba imebaki. Nikagundua kitufe cha kuchukua mistari yangu yote kwa mpigo! Nikabonyeza bila kusoma. Imekwisha kabla ya chai. Marekebisho ya shemeji ya wiki nzima yamefutika, lakini nani atajua? Toleo jipya limeshakwenda zahanati. Mama mkwe amepiga simu kunipongeza, amewaambia majirani wote, na Jumapili ananifanyia karamu. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia asante, mama.

Ijumaa, 8 Machi

Siku nyeusi. Zahanati imepiga simu saa tatu asubuhi. Foleni imegeuka, anayefika mwisho anaitwa kwanza! Kuna bibi amefika alfajiri bado yuko kwenye benchi, na waliomkuta wameshaondoka na dawa zao. Kosa hilo shemeji alikuwa amelirekebisha tangu Jumatatu. Mkuu akafungua kumbukumbu mbele yetu aone mstari wenye kosa ni wa nani. Wangu. Wa pili. Wangu. Akafungua faili ya mwaka juzi, kabla sijaajiriwa. Wangu! Akasema hajawahi kuona mtu mmoja akikosea mengi hivyo peke yake.

Cheo kapewa shemeji. Alirudisha nakala yake ya zamani kwa dakika tatu, kisha akamwomba Mkuu asinifukuze. Alimwomba mbele ya watu. Hilo limeniuma kuliko cheo. Karamu ya mama mkwe ya Jumapili ipo palepale, amebadilika anayepongezwa tu. Nimepangiwa kubeba viti.

Jumatatu, 11 Machi

Jana nimebeba viti sitini na nimefikiri sana. Nina huzuni, lakini kosa langu nimeliona: nilitumia jina langu. Leo shemeji amekwenda kwenye kikao cha viongozi, kompyuta ameiacha wazi. Nimeikalia. Nimesogeza kila mstari nafasi mbili kushoto, kwa jina lake. Sasa zahanati ikilalamika, yote ni yake! Imebaki kuunganisha tu nakala yake na yangu.

Dakika mbili.