Msiba Usio na Marehemu

Jumanne, tarehe 4 Juni

Siku imeanza vizuri, imeharibika saa ya chai. Nuala, binti wa dada yangu, kaja na uso wa mvua. Mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Attracta Comerford, anakuja Jumamosi kutoka Kilkenny. Haji kula. Haji kuona gauni la harusi. Anakuja nimtembeze mji!

Kosa si langu. Siku ya uchumba yule mama alijigamba kupita kiasi. Mara ngome ya Kilkenny, mara mpira wa magongo wa Kilkenny, mara vikombe vya Kilkenny. Mwanamume wa Waterford anyamaze mpaka lini? Nikamwambia mimi ndiye mtembeza wageni mkuu wa mji huu, na hakuna balozi anayekanyaga gati letu bila mimi kumshika mkono. Mezani wote wakaangalia sahani zao. Ni kweli nimeendesha gari la mikate tangu ujana. Lakini gari la mikate linapita wapi? Si mitaa hiyo hiyo ya historia? Tofauti ni ndogo.

Nuala haoni hivyo. Kaniambia nimpigie mama yule nimwambie ukweli. Nikasema ukweli una wakati wake. Akasema wakati wake ni kabla ya Jumamosi. Nikimtia aibu mbele ya mkwe wake, siku ya harusi hataingia kanisani na mimi. Ataingia na Cornelius Veale.

Veale! Sawa, ni baba yake wa ubatizo. Lakini marehemu shemeji yangu aliniachia mimi huyu binti, kwa kinywa chake, kitandani hospitalini. Suti nimeshashona! Na ubaya zaidi, Veale ndiye mtembeza wageni mwenyewe hasa. Kila asubuhi yuko pale chini ya mnara wa kale wa mji na mwavuli wake wa kijani, watu wanamfuata kama bata.

Sitapiga simu. Nina mpango.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango: kujiunga na matembezi ya Veale, kuyameza yote, kisha Jumamosi kuyatapika mbele ya Bi Comerford. Ubongo wangu ni sanduku la chuma. Mwalimu wangu wa shule alisema hivyo kabla hajaniomba niache shule.

Nikavaa koti refu la mvua, miwani meusi, skafu hadi puani. Nikamwambia Veale kwa sauti nzito kwamba mimi ni mgeni kutoka Norwe. Akanitazama kidogo. Kisha akatangaza kwa wote kwamba leo tuna bahati ya ajabu, maana mababu wa bwana huyu, Waviking, ndio walioujenga mji wetu. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo kama Mnorwe.

Hapo ndipo alipotoa kwenye mfuko wake kofia kubwa ya plastiki yenye pembe. Akanivisha hadi masikioni. Akanipa na kasia la mbao nilibebe. Kila tuliposimama nilisimamishwa mbele, nipigwe picha. Mjerumani mmoja aliniomba nipige kelele za vita. Nikapiga. Mbwa wawili wakakimbia.

Taabu ni kwamba kofia iliziba masikio. Niliambulia nusu nusu. Mnara, tufe la mzinga ukutani, mtu fulani kaoa binti mfalme, kaburi lenye chura. Nilipokuwa najaribu kuunganisha mambo, tukapita duka la mikate la Bi Josie, naye akatoka mlangoni na unga mikononi akapiga ukelele: "Fintan Phelan! Umekuwa ng'ombe lini?"

Veale akasema kwa upole kwamba kumbe Kinorwe changu kina lafudhi ya Waterford. Kundi zima likacheka. Alijua tangu mwanzo, mbwa yule. Akanikabidhi mwavuli wake niubebe hadi mwisho wa matembezi, na mwishoni akanishukuru kwa msaada. Adabu zake ndizo zinazoniuma zaidi.

Hata hivyo nusu ninayo. Nusu nyingine nitaitunga. Historia ni watu waliokufa. Nani atakuja kulalamika?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nuala kaja kuuliza kama nimepiga simu. Nikasema mambo yako mikononi mwangu. Akasema ndicho anachoogopa.

Nimegundua tatizo. Kesho asubuhi Veale naye atakuwa mitaani na kundi lake. Mji huu ni mdogo. Tutakutana tu, naye atainua kofia na kuniuliza habari za Norwe. Lazima kesho Veale asiwe na wageni.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Kisha likanijia. Mji huu kitu gani kinafunga mlango wa duka bila mtu kuuliza, bila mtu kulalamika? Kadi ya msiba! Ukiiona mlangoni unavua kofia na kurudi kwako. Hata mtoza kodi hurudi kwake.

Nimechana kipande cha mfuko wa unga, karatasi nzuri, ngumu. Nimechora mstari mweusi pembeni kwa kalamu ya dada yangu ya kupaka nyusi. Nimeandika kwa herufi kubwa: LEO HAKUNA MATEMBEZI KWA SABABU YA MSIBA. Jina sikuandika. Mimi si mtu wa kumzulia mwenzangu kifo. Nina mipaka yangu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni, adhuhuri

Naandika haraka, nimejificha chooni kwa Veale. Nianze mwanzo.

Asubuhi nikabandika kadi pale chini ya mnara. Safi kabisa. Bi Comerford akateremka kwenye basi na kofia ya manyoya ya ndege na macho ya mkaguzi. Nuala kaja naye, ananikata jicho. Tukaanza.

Nilikuwa moto! Nikamwonyesha tufe la mzinga lililonasa ukutani, nikamwambia babu wa babu yangu alilidaka kwa kifua, likaruka likanasa pale. Akauliza babu alikuwa na kifua cha aina gani. Nikasema cha Waterford. Kanisani akauliza yule chura juu ya sanamu ya maiti ya meya wa kale ana maana gani. Nikasema meya huyo alimfuga tangu akiwa kiluwiluwi, wakashindwa kuwatenganisha. Akasema, "Ahaa." Nikamwambia pia Strongbow, yule mpiganaji wa kale, alipomwoa binti mfalme hapa, mikate ya karamu ilitoka kwa ukoo wetu, blaa za moto, ile mikate midogo laini ya hapa kwetu, na Strongbow alikula nyingi mno hata hakucheza muziki. Nuala alikuwa ameufunika uso kwa mikono yote miwili. Nadhani alikuwa anaguswa.

Kisha mzee mmoja akanisimamisha njiani. Akavua kofia. "Pole sana, Fintan. Najua mlikuwa mnatupiana maneno, lakini ni pigo." Akaenda zake.

Bi Comerford akauliza nani kafa. Nikasema mzee yule hanywi maji tu, pombe imemzidi.

Mbele kidogo, Bi Josie anafunga duka. Jumamosi! Kavaa koti jeusi, kabeba trei ya blaa zenye nyama. Macho mekundu. Akasema anapeleka kwa Cornelius, mlimani Ballybricken. Maskini Cornelius. Nikauliza maskini kwa nini. Akanitazama kama mwendawazimu. Sijaona kadi pale mnarani? Msiba! Na Cornelius hana mke, hana ndugu, hana hata paka. Basi msiba utakuwa wa nani kama si wake mwenyewe?

Moyoni nikacheka. Nikajua ni kadi yangu tu hiyo. Bi Comerford akasema redio haijalisoma jina lake asubuhi, naye huwa hakosi matangazo ya vifo. Bi Josie akajibu, "Mama, mtu akifa ghafla redio itajuaje?" Wapita njia wakakusanyika, mmoja akasema jana alimwona Veale amepauka kama unga. Mwingine akasema dirisha lake limevutwa pazia. Wa nne kamwona kasisi anapanda mlima kwa haraka.

Hapo sikucheka tena. Pazia? Kasisi? Nikajiambia: Fintan, umemwandikia mtu msiba, na msiba umekuja. Mkono wangu huu!

Nikapendekeza twende tukaone gati. Bi Comerford akasimama katikati ya barabara. Akasema huko kwao Kilkenny mtu hapiti karibu na nyumba ya maiti akaenda kutazama maji. Akamshika Nuala mkono. Nuala naye analia, maana ni baba yake wa ubatizo. Tukaupanda mlima. Mlima ule nimeupanda na mikate maelfu ya mara, haujawahi kuwa mrefu hivi.

Mtu anagonga mlango wa choo. Nitaendelea.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Mlango wazi, kama inavyokuwa kwenye nyumba ya maiti. Harufu ya chai na nyama ya nguruwe. Tulipoingia wote wakanigeukia. Wakanipisha njia hadi sebuleni.

Na pale, kwenye kochi, kalazwa Cornelius Veale. Suti nyeusi. Mikono kifuani. Mshumaa kichwani, mshumaa miguuni.

Mimi ni mtu shujaa. Niliwahi kumtuliza fahali kwa kumkazia macho. Lakini pale ushujaa ulikwisha. Nikapiga magoti pale, nikaushika mkono wake, machozi yakatoka bila ruhusa yangu. Nikamwambia Cornelius, nisamehe, kadi ni yangu, nilitaka asubuhi moja tu. Wewe ndiye mtembeza wageni bora aliyewahi kuzaliwa Waterford. Mimi ni dereva wa gari la mikate, sijui chura yule ni wa nini. Amka uninyang'anye kila kitu. Mwingize Nuala kanisani wewe. Amka tu!

Yote hayo kwa sauti, Bi Comerford akiwa nyuma yangu!

Mkono ukanibana. Marehemu akafungua jicho moja. "Rudia, Fintan. Pale kwenye 'bora'."

Nilipiga ukelele kuliko ule wa Waviking. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Kasisi alikuwa ameshika kikombe, chai ikammwagikia.

Ikanibidi niende chooni kidogo. Nilipotoka ndipo nikaelezwa. Veale aliiona kadi yangu asubuhi kabla ya mtu mwingine. Hakuwaza kwamba inamhusu. Aliona mstari mweusi, akavua kofia, akarudi nyumbani, akavaa suti nyeusi, akavuta pazia, akakaa kungoja kuambiwa aliyekufa ni nani! Badala yake wakaanza kuja watu na sandwichi za kumzika yeye. Wa kwanza alizirai mlangoni. Wa pili akaileta kadi yenyewe, na Veale akaona nyuma yake maandishi ya kiwanda cha unga ninakochukua mifuko. Alipotuona kupitia dirishani tunapanda mlima, akaomba mishumaa.

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kukasirika. Yuko hai! Ananuka tumbaku, anatafuna blaa, ananiita ng'ombe wa Norwe. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi namna hiyo kumwona adui yake anatafuna.

Kisha nikamkumbuka Bi Comerford. Amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia yake ya manyoya imeanguka, anajifuta macho. Nuala kasimama karibu naye, mweupe kabisa. Nikajua suti yangu imekwisha kazi.

Yule mama akasema tangu pale kwenye tufe la mzinga alijua sijawahi kutembeza hata mbuzi. Alinyamaza kwa sababu hajacheka hivyo tangu amzike mumewe. Akasema mazishi kahudhuria mengi, na kaona watu wanawalilia ndugu zao kwa machozi ya kukopa. Lakini mtu anayemlilia mshindani wake mpaka kamasi zinatoka, huyo ana moyo, ingawa kichwa hakipo. Akamgeukia Nuala. "Mwanangu, huyu ndiye wa kukushika mkono. Yule mwingine mpe kazi ya kusoma somo kanisani, kwa kuwa ana sauti ya kaburini."

Nuala akanirukia shingoni, akanipiga ngumi ya bega, akanibusu. Pumzi niliyoishikilia tangu Jumanne ikatoka. Veale akainua kikombe. Akasema yeye hana kinyongo, kwani ni wangapi wameyasikia maneno mazuri ya msiba wao wakiwa bado wanaweza kula?

Sandwichi zikaisha zote.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Baada ya misa Nuala kaniapisha mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Hakuna uongo tena mpaka harusi ipite. Nimeapa kwa moyo wote. Nimekuwa mtu mpya. Mchana nimekwenda matembezi ya Veale, bila koti, bila miwani, nimesimama na wageni wengine kimya. Kumbe yule chura anawakumbusha watu mauti. Kwa kweli habari yangu ni bora, lakini sikusema. Nilisema mara moja tu.

Nimelala kama mtoto.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Bi Comerford kapiga simu, mchangamfu sana. Mpiga kinanda wao wa Kilkenny ni mgonjwa. Kauliza kama Waterford kuna mtu anayeweza kupiga kinanda cha kanisa siku ya harusi, au hilo nalo liko kwao tu.

Liko kwao tu! Alisema hivyo hivyo!

Nimemwambia asihangaike. Nimemwambia nitamfikisha Nuala altareni, nimkabidhi kwa bwana harusi, kisha nipande juu nikapige mwenyewe, kama nilivyompigia askofu mkuu miaka yote ile.

Binti Tobin anafundisha kinanda kila Alhamisi pale kanisani. Nitaenda na ndevu za bandia. Siku ya harusi sharti asionekane karibu na kile kinanda, lakini hilo si tatizo. Mfuko wa unga bado una kipande kizuri kimebaki, na kalamu ya nyusi dada yangu hajaikumbuka.